Simba wa Kiporo

Masika yakiingia hifadhini, wanyama huondoka bila kuaga, kama wageni wa harusi wakishakula. Si kwamba wanakwenda mbali. Maji yakiwa kila shimo, tembo hana tena sababu ya kuja kupanga foleni bwawani mbele ya watu wenye kamera. Nyasi hupanda hadi tumboni mwa pundamilia, simba hujilaza humo humo, gari hupita karibu kiasi cha kumrushia tope, na walio ndani ya gari hupiga picha nyasi. Kiangazi ni siku ya soko; masika ni kesho yake.

Ila wageni wa masika nao ni wageni. Wanalala vitanda vile vile, wanaazimwa darubini zile zile, na asubuhi wanataka kuambiwa simba yuko wapi. Kuwaambia hilo ilikuwa kazi ya Mama Mnara.

Jina alipewa na madereva, kwa kuwa chumba chake kilijengwa chini ya mnara wa redio, nyuma ya jiko la kambi, ubavuni mwa chumba cha dobi. Ndani mlikuwa na meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, ramani ya hifadhi iliyopauka mpaka mito ikafanana na mikunjo ya karatasi, na redio ya upepo yenye waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe. Dereva akiona mnyama, anamwambia Mama Mnara. Mama Mnara anawaambia madereva wengine. Kazi ndiyo hiyo, na ukielezwa hivyo unaweza kudhani hata kasuku angeimudu. Kasuku lakini hana sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua. Akisema, "Chui, juu ya mti, tawi la kushoto," wageni walianza kuuona mkia kabla hawajauona mti.

Sauti hiyo aliipata stendi ya mabasi, enzi za usichana wake, alipokuwa akitangaza safari kwenye kipaza sauti. Huko alijifunza kusema "basi liko njiani" kwa namna ambayo abiria waliamini, wakakaa, wakanunua karanga, na wengine wakazoeana hadi kuoana. Mara nyingi basi lilikuwa gereji. Baadaye aliajiriwa kambini kama karani wa stoo, na asubuhi moja Meneja akamsikia akiagiza vitunguu kwa redio. Vitunguu havikuja siku ile, ila Meneja alisimama mlangoni akivisubiri kwa imani kamili. Wiki iliyofuata mama akahamishiwa chini ya mnara.

Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kumwona simba. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kupanga vinginevyo. Magari yakiwa nje, yeye yuko redioni. Magari yakirudi adhuhuri, yeye anapumzika, na simba naye anapumzika. Siku za likizo alipanda lori la mahitaji, linalotoka jua la utosi, wakati ambapo porini hata nzi wanatafuta kivuli. Alikuwa ameona ngiri, nyani aliyeiba sabuni, na kiuno cha tembo akiondoka. Simba alimjua kama watu wanavyoijua ng'ambo: kwa kusimuliwa, kwa undani sana, na kwa hamu.

Sasa, kuhusu kiporo.

Meneja alisomea ukarimu chuoni na alikuwa na cheti chake. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba ubao wa bwaloni, ule wenye kichwa cha habari WANYAMA WALIOONEKANA, usikae mtupu hata siku moja. "Ubao mtupu," alisema, "unamkata mgeni hamu ya kula." Kwa hiyo masika, simba asipoonekana leo, anaandikwa wa jana. Madereva walimwita huyo simba wa kiporo. Alipashwa moto siku ya kwanza, akapashwa siku ya pili, na siku ya tatu, kama kiporo chochote kinachoheshimiwa, alibadilishiwa chombo: badala ya chini ya mgunga akawa juu ya kichuguu. Na ili madereva wenyewe wasipoteze mafuta bure, ulikuwepo utaratibu ambao haukuandikwa popote. Simba wa kweli alitangazwa pamoja na jina la aliyemwona. Simba wa kiporo hakuwa na mwenyewe. Wageni hawakuwahi kuligundua hilo. Mgeni akisikia neno simba, masikio yake hufunga duka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, hadi ilipopigwa simu kutoka nyumbani.

Mume wa Mama Mnara alikuwa msoma mita wa idara ya maji huko mjini, mtu wa amani, ambaye hakuwahi kubishana na mita wala na mama yake. Mkataba wa mkewe ulikuwa unaisha mwezi ule, na mwingine ulikuwa mezani kwa Meneja ukisubiri sahihi.

"Mama anataka kuja huko," alisema mume.

"Kuja kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona wanyama?"

"Kuona kazi." Akakohoa. "Anasema miaka yote hii anaambiwa mkwe wake yuko porini anaongea na upepo. Anataka aone ni kazi gani hiyo inayomweka mke wa mtu mbali na nyumba yake."

"Na akishaona?"

"Akiridhika, saini."

"Asiporidhika?"

Mume akakohoa tena, kikohozi kile kile cha mwanzo. "Wewe mama unamjua."

Alimjua. Tangu siku ile Mama Mnara hakutulia. Alikaa akasimama, akasimama akakaa, na kile kiti chenye mguu mfupi kikawa kinapiga sakafu kama mtu anayebisha hodi. Si kwamba nyumbani pabaya. Watoto walikuwa shule za bweni, nyumba ilikuwa na bati jipya, mume alikuwa mpole. Ila nyumbani aliulizwa maswali mawili tu: kifuniko cha sufuria kiko wapi, na chaja iko wapi. Hapa watu wazima wenye leseni walimuuliza tembo wako wapi, wakasubiri jibu huku injini zinanguruma. Mtu akishazoea kuulizwa hivyo, kifuniko cha sufuria hakimtoshi tena.

Mama mkwe aliwasili na lori la mahitaji, kaketi mbele, kapakata mkoba wake kama mtoto wa kunyonya. Alikuwa ameuza mitumba maisha yake yote, na macho yake yalikuwa na tabia ya kutafuta mshono wa kila kitu. Alikiangalia chumba cha redio juu hadi chini, akavuta stuli, akakaa.

"Hapa ndipo?"

"Hapa ndipo, mama."

"Wanyama wako wapi?"

"Wako nje, mama."

"Na wewe uko ndani."

"Mimi ndiye ninayewaambia madereva wanyama waliko."

Mama mkwe akatazama dirishani. Nje palikuwa na kamba za dobi na mashuka yaliyokuwa yakikataa kukauka. "Kwa hiyo wewe uliye ndani unawaambia walio nje kilichoko nje."

"Wao wananiambia kwanza, halafu mimi ndiyo nawaambia wao."

"Ahaa. Dalali."

"Si dalali, mama."

"Sijasema dalali mtu mbaya. Nimeolewa na mmoja."

Mchana walikula bwaloni, karibu na ubao. Mama mkwe alisoma huku kidole kikifuata maneno: SIMBA WAWILI, MGUNGA MKUBWA, BWAWA LA JUU. Familia za wafanyakazi ziliruhusiwa masika kupanda gari lenye nafasi, na yeye alikuwa amepangiwa la kesho asubuhi.

"Hawa nitawaona kesho?"

"Wakiwepo, mama."

"Si wameandikwa?"

"Wameandikwa."

"Basi wapo," alisema mama mkwe, akarudi kwenye chakula chake.

Mama Mnara alikuwa ameshashiba kabla ya kuanza. Simba wale aliwapasha yeye mwenyewe asubuhi ile.

Alfajiri, kabla magari hayajatoka, aliwafuata madereva gereji. Walikuwepo wawili aliowategemea. Mmoja ni Taratibu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndilo neno alilowaambia abiria kila alipokuwa anakimbiza gari. Wa pili ni Profesa, aliyewahi kusoma kitabu kimoja cha ndege mpaka mwisho na hakutaka watu wasahau.

"Jamani leo ni leo," aliwaambia. "Mama mkwe wangu yuko kwa Taratibu. Nitafutieni simba wa kweli. Hata mmoja. Hata mgonjwa."

"Shemeji," alisema Profesa, "simba hatafutwi. Simba hujitokeza."

"Basi mwombeni ajitokeze."

"Mama Mnara, usiwe na shaka," alisema Taratibu akijifunga koti. "Nikiwa na mama yako garini, hata asipojitokeza nitashuka nikanguruma mimi."

"Atakuuliza mbona umevaa viatu."

Magari yakaondoka. Mama Mnara akaingia chumbani, akawasha redio, akaukamata ule waya na kuanza kuuzungusha kidoleni. Asubuhi ile alitangaza kama mwendawazimu. Kila kichaka kilichotikisika alikipelekea gari. Profesa aliripoti tumbusi mmoja kwenye mti mkavu. Mama Mnara akamuuliza anatazama wapi huyo tumbusi.

"Anatazama chini, Mnara."

"Chini kuna mzoga?"

"Chini kuna mimi."

Aliwapeleka madereva kaskazini kwenye korongo waliokuwa wakidonoa vyura bondeni, akawarudisha kusini kwa sababu dereva mwingine alisikia nyani wakipiga kelele, akawarudisha tena kaskazini nyani walipobainika wanagombana wenyewe kwa mambo yao ya ndani. "Mnara," alisema Profesa kwa upole, "tuchagulie upande mmoja wa dunia." Taratibu akaripoti twiga. Mama Mnara akatangaza twiga wa Taratibu kwa shangwe, kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Katikati ya yote hayo, kwa kuwa mlango wa ofisi ya Meneja ulitazamana na wake na redio ya mezani kwa Meneja ilikuwa wazi, alilazimika kila baada ya muda kukumbushia na wale wawili wa ubaoni. "Magari yote. Simba wawili, mgunga mkubwa, bwawa la juu." Sauti ilitoka nzuri, iliyonyooka, yenye jua ndani yake. Aliichukia kwa uzuri wake.

Jua lilipopanda kidogo, Taratibu akaita.

"Mnara, wageni wangu wanaomba twende kwa wale simba."

Garini mlikuwa na mama mkwe na wastaafu wawili, mume na mke, waliokuja na darubini moja na kwa hiyo walikuwa hawajasemeshana tangu jana. Mama Mnara akavuta pumzi. Angeweza kusema barabara ya bwawa la juu imekatika. Lakini barabara ilikuwa nzima, na Meneja alikuwa anasikia.

"Nendeni," alisema.

Akasubiri. Akapanga kalamu mezani, akazipangua. Akatoka mlangoni, akarudi. Akafikiri kuwa porini lolote linawezekana. Simba wana miguu, na kama waliondoka pale kwa miguu yao wanaweza kurudi pale kwa miguu yao. Alipokuwa stendi ilishawahi kutokea, basi alilolitangaza kwa uongo mtupu likakata kona na kuingia. Siku ile aliogopa mdomo wake. Leo aliuomba umwogopeshe tena.

"Mnara, tumefika mgunga," alisema Taratibu.

"Mnaona nini?"

Hapo alikosea. Mnara hakuuliza hivyo kamwe, Mnara huuliza "Wangapi?"

"Tunaona mgunga," alisema Taratibu.

Redio ikakwaruza. Ikasikika sauti ya mtu anayenyang'anywa kitu kwa heshima, halafu sauti ya mama mkwe, kubwa, karibu mno. "Kinabanwa wapi hiki? Hapa? Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Bibi, ukimaliza unasema 'mwisho'," ilisikika sauti ya Taratibu kwa mbali.

"Sijamaliza. Mwanangu, nisikilize. Tumetoka asubuhi, nimekusikiliza njia nzima. Profesa akiona tumbusi, unasema Profesa ameona tumbusi. Huyu kijana wangu akiona twiga, unasema Taratibu ameona twiga. Lakini hawa simba wawili umewataja tangu kunakucha na hawana mwenyewe. Mimi nimeuza nguo. Mali isiyo na mwenyewe naijua. Nani aliwaona hawa, na lini?"

Redio ya upepo haina chumba cha pembeni. Mwenye redio hifadhini kote alisikia: magari yote na wageni ndani yake, mlinzi wa lango, fundi wa uwanja wa ndege, na mpishi, ambaye hakupaswa kuwa na redio. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Hata ule mkwaruzo wa kawaida ulionekana kunyamaza ili usikie vizuri.

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni, kikombe mkononi. Alitikisa kichwa polepole, kulia, kushoto, kama mtu anayemwongoza dereva arudi nyuma.

Mama Mnara alimtazama Meneja, akaitazama redio. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Angesema Profesa, leo alfajiri, wameondoka sasa hivi tu, poleni sana. Profesa asingebisha. Wageni wangesikitika kwa raha, na mama mkwe angerudi nyumbani akiwa hana ushahidi. Lakini alijua pia kwamba mwanamke yule amesimama chini ya mgunga, kwenye tope la mvua za juzi na jana, anatazama chini, na tope halina unyayo hata mmoja. Muuza mitumba haulizi kama koti lina tundu mpaka kidole chake kimeshapita.

"Profesa aliwaona, mama," alisema. "Siku mbili zilizopita. Aliona mikia. Leo hakuna aliyewaona. Hawapo hapo."

Meneja akafumba macho.

"Na wewe?" iliuliza redio.

"Mimi nini, mama?"

"Wewe umeshawahi kumwona simba?"

Waya ulikuwa umebana kidole hadi kikawa cheupe. "Bado, mama."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii."

"Mwisho," alisema mama mkwe.

Wa kwanza kurudi hewani alikuwa Profesa. "Kwa kuweka kumbukumbu sawa," alisema, "mikia ilikuwa ya simba."

Meneja aliingia, akaweka kikombe juu ya ramani, mahali ambapo kawaida huwa pana nyati. "Unajua umefanya nini?"

"Nimejibu swali, bosi."

"Umemaliza wanyama wa hifadhi nzima kwa sentensi moja. Majangili wamejaribu miaka na miaka wameshindwa."

"Aliniuliza yule mama."

"Mimi nina mama mkwe pia," alisema Meneja. "Haniulizi kitu, kwa sababu simpi redio."

Hakumfukuza. Kumfukuza mtu masika maana yake ni kumtafuta mwingine kwenye matope. Aliagiza tu ubao ufutwe, na kwa kuwa usingeweza kukaa mtupu, ukaandikwa kilichoonekana kweli siku ile: tumbusi mmoja, twiga mmoja, korongo wengi, kobe akivuka barabara. Mchana wageni waliusoma kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mgeni mmoja alilalamika. Mwingine aliuliza kobe alikuwa anavuka kutoka upande upi. Yule mstaafu mwanamke alisema ubao wa namna hii unachosha, maana sasa inabidi mtu atazame mwenyewe, akamnyang'anya mumewe darubini.

Mama mkwe alikuwa amerudi na tope hadi magotini. Gari lilikwama walipokuwa wanaondoka mgungani, na yeye alishuka kusukuma kwa sababu, alisema Taratibu, hakupenda namna wengine walivyokuwa wanasukuma. Aliomba sabuni, akaosha viatu vyake mwenyewe, akaviegemeza ukutani. Hakusema lolote kuhusu simba, wala kazi, wala mkataba. Mama Mnara alimletea chai, akamwongezea sukari, akakaa, akasimama.

"Mama, umeionaje safari?"

"Nimeuona mgunga," alisema mama mkwe. "Mti mzuri."

Akanywa chai yake yote. Mama Mnara akajitolea kumkunjia nguo, akaambiwa zimeshakunjwa. Akajitolea kumwonyesha jiko. Akaambiwa jiko ni jiko. Hukumu ya mtu kama imeshaandikwa basi isomwe. Ile ya kunywewa chai inaua polepole. Jioni nzima alimtazama yule mama kama wageni wanavyotazama nyasi za masika, wakiamini kuna kitu humo kwa sababu tu hakionekani.

Kesho yake lori la mahitaji lilisogea mlangoni mwa stoo. Mama mkwe alipanda mbele, akapakata mkoba, akatoa kichwa dirishani.

"Nilikuwa na namna yangu ya kuonyesha koti," alisema, bila kumtazama. "Tundu nalifunika kwa kiganja, mteja namgeuzia upande wa pili. Akiniuliza, 'Mama, halina tundu hili?' nilikuwa na majibu mengi. Lako la jana sikuwahi kuwa nalo. Wewe sokoni hufai."

"Ndiyo, mama."

"Ungekufa njaa."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akatoa simu, akaishika mbali na sikio kama watu wa umri wake wafanyavyo, hivyo kila aliyekuwa karibu na stoo alimsikia msoma mita akisema shikamoo.

"Marahaba. Mkeo atasaini."

"Umeridhika, mama?"

"Sijaridhika hata kidogo. Mtu amekaa kwenye nyumba ya simba miaka yote hii hajamwona simba. Akirudi leo, majirani watamuuliza nini? Watatucheka sisi. Abaki. Siku atakayomwona, arudi nyumbani, kazi imekwisha."

"Lini hiyo?"

"Muulize simba," alisema mama mkwe, akamgonga dereva begani. Lori likaondoka.

Mama Mnara alisaini siku ile ile, kwa haraka, kabla mtu yeyote hajafafanua. Kwa kitambo alikuwa mtu mwenye furaha. Masharti aliyopewa yalikuwa mepesi kuliko yote aliyowahi kusikia: aendelee kutofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Madereva walimtania redioni, kila mara anapotangaza ngiri wakimuuliza nani kamwona na lini, naye akawajibu, na baada ya muda utani ukageuka kuwa ndivyo wanavyofanya kazi. Meneja aliuacha ubao kama ulivyo, huku akisema hajauacha. Na kila Jumapili mume alipiga simu, kwa umakini wa mtu aliyezoea kusoma tarakimu na kuziandika kama zilivyo.

"Umeshamwona?"

"Bado."

"Sawa."

Lakini mvua hazikai. Zilipokatika, madimbwi yakakauka moja baada ya jingine, nyasi zikageuka rangi ya mkate, halafu zikalala. Tembo wakarudi bwawani. Nyumbu wakaja kwa mistari, na nyuma ya nyumbu wakaja wale wanaowafuata nyumbu. Redio ikajaa. Simba wanne barabara ya lango. Simba na watoto mtoni. Simba juu ya daraja, magari yamesimama pande zote mbili yakimsubiri amalize kujilamba. Ubao haukutosha.

Mama Mnara aliwatangaza wote, na aliyewaona, na wakati. Na kadiri walivyokaribia ndivyo alivyopungua kilo. Madereva, kwa wema wao, na wakiyachukulia masharti ya bibi kuwa utani, walishakubaliana kwamba mwaka huu lazima shemeji atolewe ushamba.

"Shemeji, kesho nina nafasi kiti cha mbele," alisema Profesa.

"Kesho nina mafua."

"Unajuaje leo kwamba kesho una mafua?"

"Yananianza taratibu."

"Taratibu hajasema kitu," alidakia Taratibu.

Likizo ilipofika alipanda lori akiwa amejifunika khanga usoni, akasema jua linamuumiza macho. Dereva wa lori alipopunguza mwendo na kusema, "Dada, tazama kushoto," alitazama kulia, akamwona kanga, akamsifia sana. Alichokitamani miaka yote kilikuwa sasa kila upande, na shingo yake ilianza kupata maumivu ambayo mganga wa kambi hakuyaelewa. Alikuwa akiota simba kwa undani: pua, sharubu, alama nyeusi nyuma ya masikio. Aliamka akiwa amejikasirikia, kana kwamba ndoto nayo inahesabiwa.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya joto tangu mapema. Magari yalikuwa nje, Meneja yuko ofisini, mlango wa chumba cha redio umeachwa wazi hewa ipite. Mama Mnara aliketi akiielekea redio, mgongo mlangoni, anaandaa taarifa ya duma, aliposikia uwanjani kimya cha ajabu. Wapishi walikuwa wameacha kubishana. Kisha kikasikika kitu kizito kikijitupa chini, na pumzi ndefu, ya mtu mnene aliyepata kivuli.

"Mnara," iliita redio. Alikuwa Taratibu, amerudi na gari langoni mwa kambi, na safari hii sauti yake ilikuwa taratibu kweli. "Mnara, usitoke. Simba watatu. Wamelala kivulini kwa gari la Meneja, hapo uani. Mmoja anakutazama wewe."

"Nimekupata," alisema Mama Mnara.

"Mlango wako uko wazi."

"Najua."

"Ufunge, mama. Polepole."

Ili kuufunga mlango ilibidi ageuke. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alinyoosha mguu wa kushoto nyuma, kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta ndala gizani; kisigino kikaugusa mlango, kikausukuma. Mlango ukaenda hadi nusu, ukagoma. Nyuma yake kitu kikapiga miayo, mirefu, yenye mate, na harufu ikaingia ndani, ya nyama na majani makavu. Kila unywele wa shingo yake ulikuwa umeshageuka. Shingo yenyewe ilikuwa bado.

Akabonyeza kitufe. "Magari yote. Simba watatu, uani kambini, kivulini kwa gari la Meneja. Taratibu amewaona, sasa hivi."

Kutoka ng'ambo ya ua, redio ya mezani kwa Meneja ilirudia maneno yake, na hakuna mtu aliyethubutu kwenda kuizima.

"Shemeji," alisema Profesa, "nasikia wako hatua chache kutoka kwako. Na wewe umewaona?"

Alitazama ukuta. Palikuwa na msumari, na ramani, na mto mmoja uliopauka ukielekea mahali ambapo hakuwahi kufika. Angeweza kusema ndiyo, na angeweza kusema bado, lakini kwenye redio ile alikuwa ameshapoteza uwezo wa kuchagua.

"Sijageuka," alisema.